Pesa ya mpira au pesa ya dawa: shule zetu za UPE, elimu ya msingi ya bure ya Uganda, zianze na ipi?

Mama wa Watatu
Jumatatu mtoto alirudi na karatasi: kila mzazi alete shilingi 3,000 timu iende mashindano ya wilaya. Nikalipa bila ubishi. Alhamisi mtoto huyo huyo akaanguka mazoezini, goti likapasuka. Shule nzima haina pamba, haina spiriti. Mwalimu alimfunga na kitambaa cha kufutia ubao, akampandisha boda mpaka kituo cha afya. Ameshonwa nyuzi nne, na boda nimelipa mimi. Nawauliza wazazi na walimu mlio hapa: shule ya serikali isiyo na hata sanduku la huduma ya kwanza inachangisha pesa za mpira kwa haki gani? Dawa zisitangulie?

Mwalimu wa Michezo
Pole kwa mtoto, mama. Ila hilo la kitambaa cha ubao umelisema kama vile mwalimu mwenzetu ametenda kosa. Alitumia alichokuwa nacho. Alimwacha mtoto? Hakumwacha. Mimi nafundisha michezo mwaka wa kumi na moja sasa. Mipira nashona mwenyewe, filimbi nimenunua kwa mshahara wangu. Ruzuku ya UPE inakuja kwa hesabu ya vichwa, na ya mtoto mmoja kwa mwaka mzima hainunui hata jozi ya viatu vya shule. Humo humo kuna chaki, kuna mitihani, kuna mlango wa ofisi uliovunjika. Mnataka nitoe wapi?

Boda wa Malaba
Mwalimu ametaja vyote, pamba hajaitaja.

Mwalimu wa Michezo
Wewe boda umemlipisha mama huyo shilingi ngapi kubeba mtoto anayetoka damu? Anza hapo kabla hujanifundisha pamba.

Boda wa Malaba
Si mimi niliyembeba. Na ningekuwa mimi, ningembeba bure.

Afande Mstaafu
Watoto wa leo mnawalea kama mayai. Sisi tulikimbia pekupeku kwenye changarawe, ukikatwa unapaka udongo unaendelea. Akii-Bua alileta dhahabu ya Olimpiki kutoka Munich 1974, nani alimwekea nesi shuleni? Na wasichana ndio wameharibika kabisa. Wiki ya mazoezi ikifika, tumbo. Kila mwezi tumbo. Zamani hilo tumbo halikuwepo.

Nesi wa Kituo
Afande, kwa heshima ya umri wako: Munich ilikuwa 1972. Na tumbo hilo lilikuwepo kwa mama yako, kwa dada zako na kwa mke wako, ila hawakukwambia kwa sababu walijua utajibu hivi unavyojibu sasa.

Natibu wasichana hawa. Mwingine anakuja ametumia kipande cha godoro. Mwingine hakwenda shule siku nne kwa sababu choo hakina mlango na maji yako kilomita nzima. Halafu asimame na sketi nyeupe ya mpira wa pete mbele ya shule nzima? Kampeni za uchaguzi wa 2016 tuliahidiwa pedi za bure kwa wasichana wa shule. 2017 Waziri wa Elimu akaliambia Bunge pesa hakuna. Msichana ndiye aliyebaki na tumbo lake na jina la mvivu.

Afande Mstaafu
Mwaka nilikosea. Hoja sikukosea.

Mzazi wa Tororo
Pedi ni kazi ya mzazi, tuseme ukweli. Serikali ikinunua pedi kesho mtadai na sabuni.

Mama wa Watatu
Mzazi wa Tororo, una binti?

Mzazi wa Tororo
Nina wavulana watatu, lakini hilo halinizuii kuwa na maoni.

Nesi wa Kituo
Basi waulize wake zao watakapooa. Na sabuni ndiyo, nadai. Mikono isiyooshwa inaleta kuhara, na kuhara kunajaza vitanda vyangu.

Mzee wa Kapchorwa
Tumeacha mpira tuko kwenye sabuni. Turudi kidogo. Peruth Chemutai ni msichana, tena wa huku kwetu. Dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mwanamke wa kwanza wa Uganda kuipata. Paris 2024 akaongeza fedha. Afande akae na hiyo.

Mzazi wa Tororo
Nyinyi Wasebei, watu wa Mlima Elgon, mmezaliwa na mbio, msijilinganishe na shule zetu.

Mzee wa Kapchorwa
Hapo ndipo mnaponichoma. Mmezaliwa na mbio, mmezaliwa na mbio! Cheptegei alipochukua dhahabu ya mita 5,000 Tokyo mkasema damu. Alipochukua ya 10,000 Paris mkasema mwinuko wa mlima. Kiprotich aliposhinda maratoni London 2012 mkasema hivyo hivyo. Hakuna anayesema juhudi. Mtoto anaamka giza, anapanda na kushuka mlima kwenda darasani, jioni mwalimu asiyelipwa ziada amesimama na saa mkononi. Huyo mwalimu hamumhesabu. Na Akii-Bua mnayemtaja alikuwa polisi, ana kocha, Malcolm Arnold, aliyempangia mazoezi siku kwa siku, ndipo akavunja rekodi ya dunia ya mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Udongo kwenye kidonda haukumpa dhahabu.

Mwalimu wa Michezo
Asante, mzee. Wewe peke yako umetukumbuka.

Mjomba wa Bursari
Na mimi niseme. Mpwa wangu alimaliza darasa la saba kwa alama za kawaida, nyumbani ada haipo. Shule moja ya sekondari kule Wakiso ilimwona kwenye mashindano ya wilaya ikamchukua kwa bursari: ada, chakula, bweni. Miguu yake ndiyo ilimsomesha. Mngeondoa zile 3,000 leo angekuwa anauza maji ya chupa mpakani. Mnaosema dawa kwanza, mtoto kama huyo aonekane wapi?

Nesi wa Kituo
Nafurahi kwa mpwa wako, kwa moyo wote. Sijasema michezo ifutwe. Nasema hivi: uchunguzi wa kitaifa wa 2014 hadi 2015 ulikuta kama watoto wachanga 13 katika kila 100 wamebeba urithi wa selimundu, ile tunayoita sikoseli, na huku mashariki na kaskazini wako wengi zaidi. Wengi wao hawaugui. Lakini yule aliyerithi kwa baba na kwa mama, ukimkimbiza kwenye jua kali bila maji, damu inakwama kwenye mishipa, mifupa inamuuma mpaka analia usiku kucha. Mwalimu atamjuaje bila kupimwa? Huduma zinajua kufika shuleni zikitaka. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inawafikia wasichana wa miaka 10 tangu 2015, dawa za minyoo zinakuja Aprili na Oktoba. Kwa nini kipimo kisipitie mlango huo huo?

Mzazi wa Tororo
Kwa hiyo watoto wasikimbie.

Nesi wa Kituo
Soma tena. Wapimwe, wapewe maji, wapumzishwe.

Boda wa Malaba
Wakimbilie wapi hata? AFCON ya 2027 tunaandaa na Kenya na Tanzania, viwanja vikubwa vinajengwa. Uwanja wa shule niliyosoma mimi nusu umeuzwa, nusu iliyobaki imelimwa muhogo.

Mama wa Watatu
Wa nani, huo muhogo?

Boda wa Malaba
Wanasema ni chakula cha mchana cha walimu.

Mzazi wa Tororo
Afadhali walimu wanakula. Watoto wanakimbia mbio za nyika na tumbo tupu tangu uji wa asubuhi, wengine hata uji hawakupata. Sheria ya Elimu ya 2008 imemwachia mzazi chakula cha mtoto, sawa, lakini mzazi asiyenacho je?

Mama wa Watatu
Banange! Pedi ni kazi ya mzazi, chakula serikali iulizwe? Kwa sababu wavulana nao wanakula?

Mwalimu wa Michezo
Nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini lile la sikoseli limenikosesha usingizi. Mwaka juzi nilikuwa na mvulana wa darasa la sita. Akizunguka uwanja mara mbili anakaa chini, ameshika miguu. Nilimwita mvivu mbele ya wenzake, nikamwambia aongeze raundi. Akaongeza. Wiki ile alilazwa, na mama yake alipokuja shuleni hakunigombeza, aliniomba tu nisimkimbize tena. Sikuwahi kufundishwa hilo chuoni, na hapakuwa na mtu wa kuniambia. Mama wa Watatu, mwanzo nilikujibu vibaya. Ulikuwa unauliza jambo la kweli.

Afande Mstaafu
Mtoto yuko wapi sasa?

Mwalimu wa Michezo
Anasoma. Jioni anakaa pembeni na saa yangu, anaandika muda wa wenzake. Yuko makini kuliko mimi.

Mjomba wa Bursari
Bado hamjanijibu la bursari.

Mama wa Watatu
Nami la pamba hamjanijibu, na nimetangulia. Kikao cha wazazi ni Ijumaa saa nane. Nitaomba kila 3,000 zitakazokusanywa, 500 zikae kando za dawa na pedi, na daftari la hizo pesa lishikwe na mzazi, si ofisi. Nesi, unaweza kufika?

Nesi wa Kituo
Ijumaa ni zamu yangu ya kliniki ya wajawazito. Nikimaliza mapema nitakuja. Nisipofika, nitampa mtu wa boda orodha ya vitu vya kununua.

Boda wa Malaba
Naipeleka mimi. Bure.