Binti yangu kachaguliwa kupiga solo na okestra ya vijana, mazoezi ya kwanza yameishia kwa machozi. Nimtoe?

mama_wa_ntinda

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie mawazo maana mi si mtu wa muziki, nimekulia Busia, muziki niliojua ni kwaya ya kanisa na ngoma za harusi basi. Binti yangu ana miaka 13, anapiga vayolini tangu ana 7, mwaka jana alipita gredi 5 ya ABRSM, ile mitihani ya muziki ya Uingereza, na ile okestra ya vijana anayopigia kila Jumamosi walifanya majaribio ya kutafuta wapiga solo wa konsati ya mwisho wa muhula, wakachukua watatu, kijana wa tarumbeta, msichana wa filimbi na huyu wangu ndo mdogo kuliko wote. Anapiga muvumenti, yaani sehemu, ya kwanza ya konchato ya A maina ya Vivaldi, mtunzi wa zamani wa Italia, konchato ni muziki wa mpiga solo na okestra. Nyumbani tulifurahi mno, bibi yake kule Busia alipigiwa simu usiku uleule.

Sasa Jumamosi iliyopita ndo ilikuwa mara ya kwanza kupiga na okestra yenyewe. Miezi yote amekuwa anafanya na piano ya mwalimu wake na ilikuwa inatoka vizuri, mpaka jirani alikuwa anakaa kwenye ngazi kumsikiliza. Mi nikakaa nyuma ya ukumbi nisimsumbue. Okestra wakaanza, yeye kasimama pale mbele amekumbatia vayolini haangalii mtu, zamu yake ikafika akaingia, hata sekunde kumi hazijaisha nasikia kitu kinavutana, yeye yuko mbele wao wako nyuma, kondakta, yule anayeongoza okestra, akasimamisha. Wakarudia, akakimbia tena. Mara ya tatu mvua ikaanza kupiga kwenye mabati, akanyamaza mwenyewe katikati ya wimbo, upinde uko hewani. Vijana wawili watatu kule nyuma wakacheka. Kondakta hakumkaripia, alimwambia tu kwa upole tutarudia wiki ijayo. Lakini kwenye teksi mtoto alilia kutoka Wandegeya mpaka Ntinda, kafungua keisi juu ya mapaja anafuta ule unga wa upinde kwenye nyuzi na kitambaa chake, anafuta palepale, pameshakuwa safi zamani bado anafuta.

Konsati ni wiki tano zijazo. Baba yake anasema tumtoe angoje afike 15 au 16. Mwalimu anasema abaki. Mi niko katikati. Je ni mapema kweli? Na akibaki, nyumbani namsaidiaje mimi nisiyejua noti? Alafu anataka apige kwa kichwa bila karatasi kama wale anaowaona YouTube, nimkubalie?

mwalimu_wa_nyuzi

Pole sana mama, na hongera pia, kuchaguliwa ukiwa na 13 si mchezo. Nimefundisha vayolini hapa Kampala miaka mingi na hili unaloeleza nimeliona karibu kwa kila mtoto anayepiga solo mara ya kwanza. Si kwamba hajui wimbo wake. Sehemu yake anaijua vizuri, ila ya wenzake haijui kabisa. Kwenye piano mwalimu ndiye alikuwa anamfuata, mtoto akikimbia mwalimu anakimbia naye, akisitasita anamngoja, na mwalimu mzuri anafanya hivo kimyakimya mpaka mtoto hajui kwamba amefuatwa. Okestra ya vijana thelathini haiwezi kumfuata mtu namna hiyo, ni kama kugeuza lori pale Kalerwe siku ya soko, inataka muda na nafasi.

Kuna na jambo la sauti yenyewe. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo besi akiwa mita kumi nyuma yako, mpigo wake unakufikia umechelewa karibu sehemu 3 za mia za sekunde. Ni kidogo lakini sikio linahisi, na kila mtu akisubiri kwanza amsikie mwenzake ndo aingie, kuchelewa kunaongezeka tu. Ndo maana wapiga okestra wanatumia macho sana. Binti yako azoee kuangalia mkono wa kondakta na upinde wa yule wa kiti cha kwanza cha vayolini. Siku mvua imejaa kwenye mabati macho ndo yatamwokoa, masikio hayatamsaidia kitu.

Sasa cha kufanya. Hiyo muvumenti inaanza na okestra nzima wakipiga ule mwito wa mwanzo, kisha solo anaingia na mwito huohuo. Zamani za Vivaldi mpiga solo hakuwa anasimama bure akingoja zamu, sehemu za wote alikuwa anapiga pamoja na vayolini za kwanza. Mwombe kondakta amruhusu binti afanye hivo. Zamu yake ikifika mkono wake utakuwa tayari umo ndani ya mwendo wao, hatakuwa anaruka kwenye gari linalotembea.

Na kazi yako wewe mama, usiyejua noti: mazoezi yajayo muombe kondakta wapige mara moja bila solo, uweke simu karibu na watu wa selo, zile kama vayolini kubwa zinazopigwa mtu amekaa, urekodi. Nyumbani afanye mazoezi na hiyo rekodi kila siku. Simu haimfuati mtu. Alafu jioni mkiwa jikoni mwambie akuimbie wanachopiga selo pale yeye anapopiga zile noti za haraka. Akikwama, hapohapo ndo pa kufanyia kazi, na kugundua hilo hauhitaji noti hata moja.

Kuhusu kwa kichwa, mkubalie iwapo anaweza kuanzia popote. Mtajie sehemu yoyote katikati ya wimbo, aanzie hapo bila kurudi mwanzo. Kama lazima arudi mwanzo, basi vidole ndo vinakumbuka na vidole vinasahau mtu akiogopa. Tena stendi ya karatasi iwepo pembeni, chini kidogo, si aibu.

Na kitu kimoja umsimulie. Konchato hiyo iko kwenye mkusanyo wa konchato 12 za Vivaldi zilizochapishwa Amsterdam mwaka 1711. Wakati huo alishakuwa amefundisha vayolini Ospedale della Pietà kule Venice, alianza 1703, na hayo yalikuwa makao ya watoto walioachwa na wazazi wao. Okestra ya pale ilikuwa ya wasichana na wanawake watupu, wanapiga wamefichwa nyuma ya vyuma watu wanakuja kutoka mbali kuwasikia. Konchato nyingi aliwaandikia hao. Kwa hiyo msichana kusimama mbele ya wenzake na vayolini si kitu cha kuazima, muziki wenyewe ulizoea mikono kama yake.

baba_arua

Mi niko na baba wa mtoto, samahani mwalimu. Wangu alikuwa na 12, alipewa solo ya tarumbeta kwenye brasibendi, siku yenyewe mdomo ukakauka sauti haikutoka hata moja, akashuka. Tarumbeta ilikaa chini ya kitanda mwaka mzima, mama yake anafagia anaizunguka. Leo anapiga tena lakini ule mwaka hauwezi kurudi. Na mimi najilaumu kwa kitu kimoja, kila mtu aliamua, mwalimu, mimi, mchungaji, ila mtoto mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Mama, umeshamuuliza?

mwalimu_wa_nyuzi

@baba_arua pole sana mzee, na swali lako ndo kubwa kuliko yote niliyoandika mimi. Ila nina neno kuhusu huo umri. Wengine 16 ni mapema kwao, wengine 11 wako tayari. Kinachopima ni kama mtoto akikosea anaweza kuendelea. Huyo wa mama alirudia mara tatu mbele ya watu, mi naona ana kitu.

mama_wa_ntinda

Asanteni sana. Baba Arua umenigusa, kusema kweli sikuwa nimemuuliza, nilikuwa namuangalia tu. Jana usiku tukichambua maharage nikamuuliza unataka kutoka? Akakaa kimya, akasema mama mi sitaki kutoka, nataka kujua kwa nini walicheka. Nikakosa jibu.

Na kuna hofu nyingine ametaja, uzi ukikatika je. Vayolini yake ni saizi ya robo tatu, na nyuzi zenyewe ni za tangu mwaka jana.

vaiola_wa_nyuma

Shikamoo mama. Nina miaka 19 napiga vaiola, ile kama vayolini lakini kubwa kidogo, nakaa kiti cha mwisho kabisa, okestra nyingine sio hiyo, lakini kule nyuma kunafanana kote. Mwambie mdogo wangu kwamba kondakta akisimamisha ghafla kila mtu nyuma anadhani ni yeye kaharibu. Mi nimecheka hivo mara nyingi, ni ule woga unatoka, unacheka na mwenzako kwa sababu mmepona, si nyinyi mliokosea. Sisemi wote wana roho nzuri ila wengi wetu tukimwona solo tunawaza huyu anabeba kitu ambacho mi singeweza. Na tunamtaka afaulu, konsati ni yetu pia.

Kitu kilichonisaidia mimi sio vayolini wala vaiola, ni amadinda, ile marimba ya mbao ya Waganda. Shuleni tulikuwa na mzee anatufundisha, ile ina vibao 12 na watu watatu kwenye kinanda kimoja. Omunazi anaanza mwendo wake, omwawuzi anaweka mipigo yake katikati, kila pigo lake linaingia kwenye nafasi iliyoachwa na mwenzake, na omukoonezi anachukua vile viwili vya mwisho juu. Ukisikiliza mkono wako mwenyewe unapotea hapohapo. Mzee alikuwa anatuambia tusipige wimbo, tupige nafasi. Siku ya kwanza nilipotea kama mara ishirini, ya tatu nikasikia wimbo umetokea ambao hakuna kati yetu aliyekuwa anaupiga peke yake, nywele zilinisimama. Kama kuna mahali hapo karibu wanafundisha mpeleke hata mara mbili tu, akirudi kwa Vivaldi atasikia tofauti.

Na jambo dogo, kabla ya kuingia avute pumzi tuione. Solo akivuta pumzi na kuinua upinde, sisi wote tunajua anaingia lini na kwa mwendo gani. Akisimama kama nguzo tunabahatisha.

fundi_jinja

Mimi natengeneza na kurekebisha vyombo vya nyuzi, nijibu hilo la uzi. Nyuzi za mwaka mzima badilisha SASA, angalau wiki mbili tatu kabla ya konsati, kamwe usibadilishe siku ya kuamkia konsati maana uzi mpya unanyooka na kushuka sauti kila saa. Badili mmoja mmoja, usilegeze zote kwa mara moja, daraja, kale kabao kanakobeba nyuzi, litaanguka na kale kajiti ka ndani kataanguka nako, hapo utahitaji mtu kama mimi. Na vayolini isiachwe kwenye gari juani wala ukutani upande unaopigwa na jua, gundi inaachia.

Na uzi ukikatika mbele ya watu kuna desturi yake. Mpiga solo anageuka anachukua vayolini ya yule wa kiti cha kwanza, huyo anachukua ya jirani yake, muziki unaendelea. Mwaka 1986 huko Tanglewood, Marekani, msichana wa Kijapani anaitwa Midori, ana miaka 14, anapiga Serenade ya Leonard Bernstein na Bernstein mwenyewe ndiye anaongoza. Uzi wa E ukakatika. Akachukua ya kiongozi wa vayolini, ni kubwa kuliko aliyozoea, akaendelea. Ukakatika TENA. Akachukua ya pili, akamaliza. Bernstein alimkumbatia palepale jukwaani. Kwa hiyo panga mapema, muulize kiongozi wao kama yuko tayari, na kwa kuwa yenu ni robo tatu tafuta mtoto mwenye saizi hiyo kule vayolini za pili akae kiti cha karibu. Siku mbili kabla wafanye zoezi la kubadilishana mara tatu nne, mikono izoee.

La mwisho, asimame kushoto kwa kondakta na ageuke kidogo, yale matundu mawili ya juu ya vayolini yaelekee watu. Watoto wengi wakiogopa wanageukia okestra, sauti yote inaishia kwenye mapazia.

mama_wa_ntinda

Narudi na habari, Jumamosi mbili zimepita. Kondakta alikubali apige na wenzake tangu mwanzo, akasema mbona hakufikiria hilo mapema. Nilirekodi na simu pale kwa selo, sasa nyumbani tunaamka nayo tunalala nayo, hata mdogo wake wa miaka 5 anaimba sehemu ya selo akioga. Nyuzi tumebadilisha. Amadinda bado, tumepata mzee mmoja anafundisha Jumapili mchana baada ya ibada, tunaenda wiki hii, na baba yake amesema atatupeleka yeye.

Juzi alikimbia mara moja tu, ile sehemu ya noti za haraka, lakini hakunyamaza. Alimtazama dada wa kiti cha kwanza, akapunguza, wakakutana. Nilikuwa nyuma nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili. Walipomaliza yule kijana wa besi mmoja wa waliocheka alikuja akamuuliza kama anaweza kuanza upya ile sehemu yao wote wawili, maana na yeye huwa anachelewa hapo. Wakabaki ukumbini wanairudia wakati watu wanakunja viti.

@fundi_jinja kuna msichana wa vayolini za pili mwenye robo tatu amekubali. Kesho wanaanza kubadilishana.