Sola ya kioo au ya rolo kwa paa dhaifu?

Mwana_Majengo (Moshi): Wakuu, habari za jioni. Karakana yangu ya useremala imeezekwa bati geji 32, kenchi ni za zamani; fundi akipanda, papi zinalia. Nataka sola ya taa na mashine ndogo. Nichukue paneli za kioo, au zile nyembamba zinazoviringishwa kama mkeka? Na kwa nini hizi za rolo husifiwa kuwa ni rahisi kutengeneza?

Fundi_Kaloleni (Arusha): Mkuu, wewe seremala utanielewa haraka. Paneli ya kawaida huanza na gogo la silikoni, ile malighafi inayogeuza mwanga kuwa umeme, linapasuliwa kwa waya, na kila mpasuo unaacha unga kama wa msumeno wako. Hiyo ni mali inayopotea. Ya rolo haipasuliwi. Ukanda wa chuma cha pua au plastiki unafunguka upande huu, unapita vyumba visivyo na hewa kimoja baada ya kingine, kila chumba kinauvika tabaka lake, kisha unaviringishwa tena upande wa pili, kama karatasi ya gazeti mtamboni. Hakuna kusimama kupakia na kupakua. Tabaka lote la silikoni halifiki mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kipande cha kawaida ni kama 150. Kampuni ya Uni-Solar ya Michigan, Marekani, walipitisha ukanda wa zaidi ya kilomita 2 kwa mkupuo mmoja. Na uzito ni chini ya kilo 4 kwa mita ya mraba, wakati kioo ni kama 11.

Mama_Kihamba (Machame): Fundi, malizia: kampuni mama yao ilifilisika 2012, silikoni iliposhuka bei. Rolo zile ziligeuza asilimia 6 hadi 8 tu ya mwanga kuwa umeme. Kioo sasa kinapita 20. Mimi nilibandika ya kukunja juu ya bati. Masika ya pili kona ikabenuka, maji yakapenya, weusi ukageuka rangi ya maziwa.

Fundi_Kaloleni: Pole sana, mama. Gundi na maandalizi ya bati ndiyo roho ya kazi hiyo. Ila silikoni ya rolo huvumilia joto la bati kuliko ya kioo.

Ngarenaro_22: Kaka, kwani lazima paani? Chomelea fremu uani, weka kioo.

Mwana_Majengo: Uani kuna mparachichi, kivuli kinafika kuanzia saa tisa.

Mama_Kihamba: Punguza tawi la magharibi tu, mwanangu. Mti usiukate.

Mwana_Majengo: Sawa, mama. Kesho napima, nitaleta vipimo hapa.