Programu imeondoa mshale wa kulia na kushoto kwenye ofseti, na bolti 8 zimegandia mahali si pake

Wadau, hasira hii ninayo tangu Alhamisi na leo naimwaga hapa.

Tunajenga godauni karibu na Otonglo, Kisumu. Kazi yangu ni kuhakikisha bolti za nguzo za chuma zimekaa kwenye mstari kabla zege halijamwagwa. Asubuhi niliweka mstari wangu kwenye programu ya mashine ya kupimia, nukta ya kwanza kona ya upande wa barabara, ya pili kona ya nyuma. Ofseti ni umbali wa kitu pembeni mwa mstari huo: ukisimama kwenye nukta ya kwanza ukiitazama ya pili, mkono wako wa kulia ni jumlisha, wa kushoto ni kutoa. Nguzo 5 tukazimaliza bila neno.

Mchana betri ikaisha. Nilipowasha mashine tena, tipa ya mchanga ilikuwa imeegeshwa mbele ya kona ile ya kwanza, prisma (kioo kinacholengwa na mashine) haionekani. Nikauanza mstari kutoka kona ya nyuma. Mstari ni uleule na koodineti ni zilezile, ila sasa unaelekea barabarani, kwa hiyo kulia na kushoto vimebadilishana. Skrini ikaandika 0.018. Basi. Hakuna neno kulia, hakuna neno kushoto, hakuna mshale. Toleo la zamani lilikuwa na mshale mwekundu uliokuonyesha prisma iko upande gani wa mstari. Toleo jipya wameutoa ili skrini "ionekane safi".

Fundi akaniuliza, "Sarveya, tusukume wapi?" Nikamwambia asukume upande uleule wa asubuhi. Akachora alama ya penseli kwenye ubao, akapima milimita 18 kwa futi, akasukuma kiolezo kinachoshika bolti, akapigilia misumari. Nguzo ya pili vivyo hivyo. Kiolezo kilichokuwa kimekosea milimita 18 sasa kikawa kimekosea 36. Sikupima tena kwa sababu mikseta ilishaanza kuzunguka, na hilo kosa ni langu, sitalikana. Juzi chuma kikaletwa, nguzo mbili zikagoma kuingia. Zege linachimbwa sasa hivi ninapoandika, na gharama nusu inatoka mfukoni mwangu.

Nikampigia aliyeniuzia leseni. Jibu lake ni kwamba hesabu iko sawa. Najua iko sawa! Silalamikii hesabu. Nalalamika kwamba namba imewekwa mbele ya mtu aliyesimama juani na watu 12 wanamsubiri, na namba hiyo haisemi imepimwa kutoka wapi kwenda wapi.

Na si hapo tu. Ukichagua ofseti ya pande tatu, programu inakupa umbali mmoja kutoka nukta hadi mstari. Nukta iliyo sentimita 30 pembeni na sentimita 40 juu inaandikwa 0.500. Nusu mita ya nini? Juu, chini, pembeni? Fundi hawezi kujenga na namba hiyo.

Kwenye mteremko ni mbaya zaidi. Kuna mtaro tulioupima Riat, unashuka mita 1 kwa kila mita 5. Fundi akisema kina cha mita 1.50 anamaanisha wima, kama timazi inavyoning'inia. Programu inapima kwa nyuzi 90 kutoka kwenye mstari ulioinama, inaandika 1.471. Juu ya hapo, cheineji, yaani umbali kwa urefu wa mstari, inahama sentimita 29, kwa sababu mguu wa kipimo haukuangukia chini ya nukta, umeangukia pembeni yake. Njia zote mbili za kupima zinakubalika. Kinachoniudhi ni kwamba kitufe cha kuchagua kimezikwa ndani ya menyu tatu, na skrini ya kupimia haikuambii kipi kimewashwa.

Bapa nayo, yaani uso ulionyooka wa kulinganishia. Unachukua nukta tatu za ukuta, programu inatengeneza bapa, kisha kila nukta unayopima inapewa umbali wake kutoka bapa hilo. Jumlisha na kutoa zinategemea mpangilio wa nukta zako tatu. Ukizichukua kwa kuzunguka upande wa pili, ukuta uliokuwa umetoka nje unasomeka umeingia ndani. Tena inakubali nukta zozote bila onyo. Kijana wangu alichukua nukta zilizotengana sentimita 40 tu kwa upana kwenye ukuta wa kuzuia udongo. Kosa la milimita 3 hapo likifika mita 10 mbele ni sentimita 7.5. Tulitaka kumwandikia mwenye ukuta kwamba umepinda, na ukuta hauna shida yoyote! Programu inazijua nukta hizo zimebanana. Ingeshindwa nini kusema?

Wa Nakuru mnajua shida nyingine. Kisumu iko ukanda wa 36 wa UTM (mfumo wa koodineti za ramani), lakini Nakuru imevuka kidogo tu nyuzi 36 mashariki, kwa hiyo iko pembezoni kabisa mwa ukanda wa 37. Hata ukihesabu na mwinuko wa karibu mita 1,850, mita 100 za futi pale zinasomeka karibu mita 100.06 za UTM. Ofseti ya nusu mita haitakuonyesha kitu, ila cheineji ya barabara itakuumbua. Ni lazima niseme kwamba hapa programu hii inaandika kigezo cha skeli (cha kugeuza mita za ardhini kuwa za UTM) juu kabisa ya skrini, kwa herufi kubwa. Kumbe wanaweza.

Nataka mshale urudi. Nataka skrini ya kupimia iandike "wima" au "nyuzi 90" kando ya namba. Nimewaandikia mara tatu, sijajibiwa.

Mnaotumia programu nyingine, hasa wa huku Kisumu, Kakamega na Nakuru: skrini yenu inaandika nini hasa mkipima ofseti? Wekeni picha. Jumatatu nina nguzo 11 nyingine, na kwa sasa nitazipima kwa kamba na timazi.