Lami mpya kwenye njia ya ndege, Mtwara: siku 35 za usiku zinatosha?

Chikongola_QS
Wakuu, habari za usiku. Tunapiga hesabu za kazi hapa Mtwara: tabaka la lami ya moto la sentimita 5 juu ya lami ya zamani, kipande cha mita 2,000 kwa upana wa 45. Mchana ndege zinaruka kama kawaida. Tunapewa saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri, siku sita kwa wiki, siku 35 tu, kabla mvua za Desemba hazijaingia. Mtambo wa lami umeandikwa tani 120 kwa saa. Unatosha? Na watu hukwama wapi?

Rola_Tani10
Sahau hiyo 120, shika 90. Kila mita moja ya urefu inakula 45 × 0.05 × 2.35 (tani kwa mita ya ujazo), yaani tani 5.3. Saa 4 mnafunga, mnafagia na kunyunyiza lami ya maji ya kugandisha tabaka jipya. Saa 5 peva, mashine ya kutandaza lami, inaanza. Saa 9 inasimama, hata kama malori yamebaki na mzigo. Saa mbili za mwisho ni za kushindilia, kupoza, kuchora mstari wa kati na kukagua. Kwa hiyo saa 4 × 90 = tani 360, mita 68 kwa usiku. Gawanya 2,000: usiku 30. Na nyinyi, kwa siku sita kwa wiki, mna 30 kamili. Mvua moja tu, mmechelewa.

Dawa ni silo ya kuhifadhi tani 100 za moto, mtambo uwashwe mapema, malori yawe getini yamefunikwa turubai saa 4. Hapo mnafika mita 87, usiku 23. Ila peva moja ya mita 4.5 italazimika kurudi nyuma mara tisa, muda unaishia huko. Wekeni mbili zifuatane, na kiungo kati yao kinashikana kikiwa bado cha moto.

mnara_kusi
Hapo kwenye kuishia kila usiku ndipo pagumu. Kiambatisho cha 14 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinapendekeza upana wote ufunikwe kila zamu, na kinataka mwisho wake uwe na mteremko wa muda: kwa tabaka lisilozidi sentimita 5 ni asilimia 0.5 hadi 1, yaani mita 5 hadi 10. Kesho yake mnaukata mteremko huo wima kabla ya kuendelea, ukiachwa, utabanduka.

Anzieni ule upande ambao ndege nyingi hugusa ardhi, zishuke kutoka lami mpya kwenda ya zamani, si kupanda. Ombeni kwenye mnara wa kuongozea ndege takwimu za kutua za Novemba, msichukue za Julai. Kusi ikigeuka kaskazi, upande wa kutua nao unageuka.

KokotoMasasi
Hesabu za usiku nzuri, lakini kokoto je? Kokoto ngumu mnaitoa Masasi, kama kilomita 200. Kuanzia Oktoba malori yanakimbilia korosho. Lundikeni kokoto yote kiwanjani kabla ya usiku wa kwanza, na mchanga mlaini mfunike; ukilowa, mtambo unashuka hata chini ya hizo 90 kwa sababu kikaushio kinachelewa.

Jingine ni umande wa bahari. Lami ya maji hukawia kukauka: ngojeni igeuke kutoka kahawia hadi nyeusi. Peva ikipita juu ya kahawia, tabaka litateleza pale ndege zinapofunga breki.

Chikongola_QS
Shukrani sana. Je, ndege iruhusiwe lami ikiwa na joto gani?

Rola_Tani10
Chini ya nyuzi 60, pimeni kwenye ukanda wa mwisho na kwenye mteremko, si katikati mlikoanzia. Na mabega msiyasahau mkuu: njia imepanda sentimita 5, mchanga wa pembeni nao upandishwe na ushindiliwe, la sivyo mvua ya kwanza inakula ukingo.

mnara_kusi
Na taa za pembeni. Ziwasheni saa 10 alfajiri, kila moja, rola likiwa bado uwanjani. Waya uliokatwa na mashine hauonekani mpaka uwashe.