Jeanne Dielman, dakika 201: niitazameje bila kusinzia?

Muulizaji: Wakuu, naombeni ushauri. Nataka kuimaliza filamu ya Jeanne Dielman ya Chantal Akerman (1975), ile iliyoongoza kura ya wahakiki ya filamu bora za wakati wote ya jarida la Sight and Sound mwaka 2022. Kila nikianza, usingizi unanichukua mapema: mama anachemsha viazi, anasugua bafu, anakula na mwanawe, basi. Niikate vipande au nikaze mara moja?

Pazia: Mkuu, usiikate hovyo. Filamu ina siku tatu, na maandishi kwenye skrini yanakuonyesha siku imeisha. Pumzikia hapo tu. Siku ya kwanza kazi yako ni moja: kukariri utaratibu wa yule mama. Taa anazima kila akitoka chumbani. Mchana hupokea mwanamume nyumbani kwa malipo; pesa ya mteja huyo anaitia kwenye bakuli la supu, anafunika. Nywele zimetulia. Siku ya pili mteja akishaondoka, bakuli linabaki wazi, nywele zimevurugika, viazi vimeiva kupita kiasi, naye anazunguka na sufuria asijue aipeleke wapi. Kamera haisogei hata kidogo na hakuna muziki wa kukushtua, kwa hiyo asiyekariri siku ya kwanza hataona kwamba mambo yameanza kwenda kombo. Na hapo ndipo filamu inapoanza kutisha, kweli kabisa.

Fundi Skrini: Angalia na urefu wa faili lako. Likiwa na dakika 193 hivi badala ya 201, limeharakishwa kutoka picha 24 hadi 25 kwa sekunde. Manukuu (maandishi ya tafsiri chini ya picha) yaliyotengenezwa kwa toleo la dakika 201 yatazidi kuchelewa kadiri filamu inavyosonga, na kuyasogeza sekunde kadhaa hakusaidii, maana pengo linaongezeka. Tafuta manukuu ya toleo hilohilo. Kwenye TV zima mpangilio wa kulainisha mwendo. Chumba kiwe giza, la sivyo hutauona vizuri ule mwanga wa nje unaowaka na kuzimika sebuleni usiku.

Pazia: Umenena, Fundi. Niongeze spika za masikioni: swichi, visigino sakafuni na maji ya bomba ndiyo yanayokueleza yuko chumba gani.

Muulizaji: Nikiongeza kasi kidogo, 1.25 hivi?

Mkaa Kimya: Hapana, ndugu. Anapokosea, anasita kwa sekunde chache tu. Ukiharakisha, kule kusita kunapotea, na siku ya tatu itakukuta huna habari. Anza saa nane mchana ukiwa umelala vya kutosha, si saa tatu usiku baada ya kazi.