Shangazi amebonyeza A mpaka Z kwenye Excel, hisa za chama zimewahama wenyewe. Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

KijanaWaKisauni:
Assalaam aleikum wana jukwaa, na wengine hamjambo. Nisomeni mpaka mwisho kabla ya kunirushia mawe.

Shangazi yangu ni mweka hazina wa chama cha akina mama wa soko la Kongowea, Mombasa. Wako 32, wengi wauza nyanya na nazi, wachache mitumba. Kila mwezi mtu huweka hisa kadiri alivyojaaliwa, kuanzia shilingi 500 kwenda juu. Miaka yote hesabu zilikuwa kwenye daftari la jalada gumu, mistari kaipiga kwa rula, wino wa buluu kwa aliyelipa na mwekundu kwa anayedaiwa. Januari nikaja na ujuaji wangu: "Shangazi, daftari limepitwa na wakati." Nikamtengenezea faili la Excel kwenye laptopu yangu ya zamani, nikalipaka rangi, nikamwonyesha kwa dakika ishirini hivi huku nikitazama saa nisije nikachelewa feri. Kazi yangu iko Likoni.

Mwezi wa Mei alikuwa akimtafuta mwanachama kwenye orodha, akachoka kupanda na kushuka, akakiona kile kitufe cha A mpaka Z, akakibonyeza. Majina yakajipanga, akafurahi, akaingiza michango ya Mei, akafunga. Wiki iliyopita mama mmoja akaomba aonyeshwe hisa zake. Anaambiwa ana 3,500 na yeye anajua kaweka 9,000. Mwengine ambaye tangu Februari hajatoa hata ndururu anaonekana tajiri. Sasa sokoni maneno ni hayo hayo: mweka hazina kala pesa. Mkutano ni Jumamosi. Shangazi hali, halali, na laptopu kaifunika leso kama maiti.

Naulizia mawili. Faili linaokoka? Na huyu mama nimfundishe vipi, au nimrudishie daftari lake nikae kimya?

Baharia_Mstaafu:
Mrudishie daftari. Daftari halina kitufe cha A mpaka Z. Dakika ishirini! Hata kupika wali wa nazi humfundishi mtu kwa dakika ishirini.

FundiFomula:
Kabla ya mawe, nijibu mawili. Kati ya majina na pesa, uliacha kolamu tupu? Na zile nambari za wanachama, 1 hadi 32, ulizichapa kwa mkono au uliweka fomula?

KijanaWaKisauni:
Nambari nilizichapa. Kolamu tupu ipo, umejuaje? Nambari, jina na simu ziko kushoto, halafu nikaacha nafasi ya kupumulia, halafu Januari, Februari na kuendelea. Nilitaka ipendeze.

FundiFomula:
Basi shangazi yako hana kosa. Mwenye kosa ni hiyo nafasi ya kupumulia.

Ukibonyeza A mpaka Z ukiwa umesimama kwenye jina, Excel hutazama pande zote kuona data inaishia wapi, na ikikuta kolamu tupu huhesabu huo ndio ukuta wa nyumba. Kwa hivyo ikapanga nambari, majina na simu, ikaziacha pesa zimekaa pale pale, kwa sababu kwake zile ni nyumba ya jirani. Wala haikumwuliza. Lile onyo la kuuliza kama ipange na kolamu za pembeni hutokea ukichagua kolamu moja iliyogusana na nyingine. Hapa hapakuwa na kugusana.

Habari njema ni kwamba nambari zilihama pamoja na majina yake, na hizo ndizo kamba ya kurudia. Fanya hivi, tena kwenye nakala, faili lenyewe usiliguse. Michango ya Mei iliingizwa baada ya majina kuhama, kwa hivyo Mei peke yake ndiyo iliyo sawa na majina yanavyoonekana sasa. Inakili Mei pamoja na nambari na majina, uipeleke kwenye shiti mpya. Kisha rudi kwenye ile shiti ya kwanza, chagua lile fungu la kushoto tu, lipange kwa nambari, ndogo hadi kubwa. Majina yatarudi kwenye viti vyake vya Januari hadi Aprili. Kule kwenye shiti ya Mei panga pia kwa nambari, fungu zima, halafu irudishe Mei mahali pake. Ukimaliza, futa kolamu tupu, usimame ndani ya data ubonyeze Ctrl na T iwe jedwali. Kuanzia hapo ukipanga majina, mstari wote unakwenda pamoja.

Ctrl na Z, ile ya kurudisha ulichoharibu, ingemwokoa siku ile ile, kabla hajafunga faili. Sasa imepita.

BintiTudor:
Na hapo hapo kuna dawa ya mkutano. Majina ndiyo yaliyohama, pesa hazikutikisika. Maana yake jumla ya kila mwezi, ile ya chini kabisa, haikubadilika hata senti. Chukua jumla ya Januari kwenye daftari, ya kwenye faili, na ya taarifa ya benki au M-Pesa ya chama. Zikilingana zote tatu, hakuna aliyekula kitu, na shangazi yako asimame aseme hivyo mbele ya watu wote. Anza na jumla. Ukianza na mambo ya kolamu tupu watasema unamfichia.

Ila daftari bado analo?

KijanaWaKisauni:
Wallahi nimemwuliza sasa hivi. Kumbe hakuacha hata siku moja. Anaandika daftarini kwanza, ndipo anachapa. Aliogopa kuniambia nisije nikaona hathamini kazi yangu.

Baharia_Mstaafu:
Nilisema nini mimi?

MwalimuWaNgumbaru:
Mwanangu, nimefundisha watu wazima kusoma na kuandika miaka mingi. Nikwambie lililokushinda. Ulimpa faili lako badala ya kumgeuzia daftari lake. Mtu anayepiga mistari kwa rula na kutenga wino kwa rangi tayari anafanya kazi ya data, jina lake tu ndilo hajaambiwa. Hata hiyo Excel ukoo wake ni karatasi za wahasibu. VisiCalc, iliyotoka Marekani mwaka 1979, ilitengenezwa ili ile karatasi ya safu na mistari ijijumlishe yenyewe ukibadilisha tarakimu moja. Na usiniambie hawezi mitambo. M-Pesa ilianza 2007, na akina mama wa Kongowea wamekuwa wakitoa na kupokea pesa kwa simu tangu ujana wako haujaingia. Hapo mtu hujifunza kwa sababu ana haja, na kila hatua anabonyeza kwa kidole chake.

Kwa hivyo kaa ubavuni, mikono yako uiweke chini ya mapaja. Nasema kweli, ikalie. Mausi iwe mkononi mwake. Akikosea usimnyang'anye, mwulize, "Ulitaka itokee nini?" Siku ya kwanza mfundishe kuharibu: afute mstari, apange ovyo, kisha arudishe kwa Ctrl na Z, mara kumi, kwenye nakala. Aliyejua kwamba akiharibu anaweza kurudisha haifuniki tena laptopu leso.

FundiFomula:
Mwalimu kasema. Niongeze la umbo. Hilo jedwali lenye miezi kwenda kulia litakusumbua Desemba. Daftari lake likoje, ukurasa kwa mtu au mstari kwa kila malipo?

KijanaWaKisauni:
Mstari kwa kila malipo. Tarehe, jina, kiasi, mkononi au M-Pesa na msimbo wake. Nyuma ya daftari ndipo kila mtu ana ukurasa wake wa jumla.

FundiFomula:
Alikuwa mbele yako kitambo, basi. Liige hivyo hivyo: kila malipo mstari wake, kolamu tano: tarehe, jina, kiasi, njia, msimbo wa M-Pesa. Ile kurasa ya nyuma ndiyo fomula ya SUMIF, inamkusanyia kila mtu zake. Majina yawe orodha ya kuchagua, asichape. La sivyo leo ni Mwanaisha, kesho Mwana Isha, na kompyuta itahesabu watu wawili. Kolamu ya simu iwe maandishi kabla ya kuchapa, la sivyo sufuri ya mwanzo inaliwa. Na tazama tarehe zimeegemea upande gani. Laptopu ikiwa na mpangilio wa Marekani, 3/4 itakuwa Machi tarehe 4, na 13/4 itaegemea kushoto kama maandishi tu, kwa sababu haijui mwezi wa 13.

BintiTudor:
Msimbo wa M-Pesa ni herufi na tarakimu kumi, haujirudii. Weka alama ya nakala mbili kwenye kolamu hiyo: "Conditional Formatting", "Highlight Cells Rules", kisha "Duplicate Values". Malipo yakiingizwa mara mbili yanajionyesha yenyewe.

Na tafadhali usilitume faili lenye majina na simu za watu kwenye kundi la WhatsApp. Kila mtu atumiwe mstari wake. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 ipo, na zaidi ya sheria, soko lina masikio.

KijanaWaKisauni:
Nimerudi. Majina yalirudi vitini kama FundiFomula alivyosema, yule mama ana 9,000 zake. Kwenye mkutano Shangazi alianza na jumla. Akaisoma ya daftari, mimi nikasoma ya faili, katibu akasoma ya benki, mwezi kwa mwezi, Januari hadi Aprili. Kufika Machi watu walikuwa wameshaanza kuulizana bei ya nyanya. Yule aliyesema kala pesa alitoka kupokea simu, hakurudi.

Jana tumekaa jioni baada ya magharibi. Niliikalia mikono mwalimu, na ni mateso. Alichukua dakika nzima kuitafuta alama ya nukta. Lakini kaingiza Mei yote mwenyewe, kutoka daftarini, na mstari wa 19 ukageuka rangi: malipo ya mtu mmoja yaliandikwa mara mbili hata kwenye daftari, na hakuwa amegundua. Akaitazama ile alama, akanambia, "Hii nzuri, ila mbona nyekundu? Mwekundu ni wa anayedaiwa. Huyu hadaiwi, mimi ndiye niliyekosea."

Rangi inabadilishwa wapi?

BintiTudor:
Rudi "Conditional Formatting", shuka mpaka "Manage Rules", chagua hiyo kanuni, "Edit Rule", kisha "Format", hapo kwenye "Fill" achague rangi aitakayo. Mwache achague mwenyewe.

KijanaWaKisauni:
Kachagua manjano. Anasema ni ya binzari.