Naombeni ushauri: rimiksi yangu ya wale hamsta wa intaneti inatakiwa kwenye tangazo, nimtoze tajiri shilingi ngapi?

Dogo wa Biti (mleta uzi)
Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada maana usingizi umekata.

Mimi ni prodyuza mdogo, studio yangu ni chumbani, kompyuta moja na spika mbili. Napiga singeli zaidi. Kuna wale hamsta (vipanya vya kufuga) wa zamani wa intaneti, wa 1998, wanaocheza mistari kwa mistari huku kisauti chembamba kinajirudia. Nimekichukua kile kisauti nikakilaza juu ya ngoma za singeli, mwendo wa 220 kwa dakika. Kimekaa utadhani kimezaliwa Manzese. Nikaurusha bure kwenye magrupu, bodaboda wakaupokea, sasa kuna wakala wa matangazo ananitafuta. Anautaka kwa tangazo la duka la simu, redioni, mitandaoni na kwenye gari la kupita mitaani.

Swali langu ni moja tu: kazi ya namna hii bei yake sokoni ikoje? Nisije nikajiuza kwa bei ya karanga. Wenye uzoefu karibuni, wenye matusi pumzikeni.

Siti ya Mbele
Nimewahi. Naweka kambi hapa.

Mama Wawili
Hongera mwanangu kwa kujituma, vijana wenzio wanashinda kwenye kubeti. Ila hayo maduka ya simu mjihadhari nayo. Mimi nilinunua simu mpya ndani ya boksi, kufika nyumbani kamera ni kibandiko. Nimerudi, muuzaji ananiambia mama hukuuliza kama inapiga picha. Hata kama watakulipa, muulize kwanza anauza nini.

Kafe ya Posta
Dogo umenirudisha mbali sana. Nilikuwa nauza muda kwenye kafe ya intaneti mjini. Ule ukurasa wa hamsta ulikuwa na picha nne tu zinazotikisika, zimerudiwarudiwa hadi chini, na kipande cha sauti cha sekunde tisa kisichokoma. Mteja anaufungua, hamsta wanatokea mmoja mmoja maana laini inakokota, nusu saa inaisha barua pepe hajasoma, analipa na anacheka. Mimi ndiye niliyebaki na ile sauti kichwani mpaka saa ya kufunga.

Aliyeutengeneza ni mwanafunzi wa sanaa wa Kanada, Deidre LaCarte, kwa ajili ya hamsta wake aitwaye Hampton. Alikuwa anashindana na dada yake na rafiki yake nani atapata wageni wengi. Miezi ya mwanzo waliingia watu kama 800 tu. Machi 1999, ndani ya siku nne, 60,000! Bila tangazo wala bodaboda.

Kuhusu bei sijui kitu, nimepita kusalimia.

Wakili wa Mtaani
Kabla ya bei, mleta uzi. Kile kisauti umekipiga mwenyewe au umekata faili?

Dogo wa Biti
Mkuu ile sauti iko intaneti zaidi ya miaka ishirini, kila mtu anaitumia. Ni ya bure. Turudi kwenye bei tafadhali.

Wakili wa Mtaani
Sikuuliza iko wapi. Nimeuliza umeitoaje.

Dogo wa Biti
Nimekata. Lakini nimepandisha pichi, nimeikimbiza, nimeipitisha kwenye mwangwi. Haitambuliki kabisa.

Pikipiki Haina Breki
Haitambuliki, halafu bodaboda wote wameitambua 😂 Endelea mkuu, tunakusikiliza.

Wakili wa Mtaani
Sikiliza vizuri. Ile sauti si ya hamsta, wala si ya yule dada wa Kanada. Ni mwanzo wa wimbo "Whistle Stop" wa Roger Miller, mwimbaji wa Marekani, kutoka filamu ya katuni ya Robin Hood ya Disney ya 1973. LaCarte aliukuta umeshakimbizwa au aliukimbiza yeye, matokeo ni yale yale. Wewe umekimbiza kilichokwisha kukimbizwa.

Sasa hapo kuna haki mbili. Moja ni ya utunzi, yaani huo wimbo wenyewe hata ukipigwa kwa zumari. Ya pili ni ya rekodi, ile sauti iliyonaswa studio. Ukikata faili umegusa zote mbili. Miller alifariki 1992, na sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda utunzi maisha ya mtunzi na miaka 50 juu yake. Piga hesabu, 2042. Kupandisha pichi hakupunguzi hata mwaka mmoja.

Zamu ya Usiku
Nipo Uingereza tangu zamani. Desemba 1999 nilikuwa nafanya usafi maofisini usiku, redio ndiyo ndugu yangu pekee, na baridi ile ya kupasua midomo. Kundi moja linaitwa Cuban Boys lilitoa wimbo wenye hao hamsta hao, mtangazaji wa redio John Peel akaupigia debe kwenye kipindi chake, ukafika namba 4 kwenye chati ya Krismasi. Msimamizi wangu, mzee wa Jamaika, alikuwa anazima redio kila ukianza. Alisema amevuka bahari asije kusikiliza panya. Alishastaafu, sasa hivi nasikia amejenga kwao nyumba nzuri tu. Sisi wengine bado tunapanga.

Mfalme wa Milio
Mnasahau yule chura wa milio ya simu, Crazy Frog! 2005 kila simu ya mjini ilikuwa inalia yule chura, hadi msibani. Ile kazi nayo ilianza kihuni. Msweden mmoja, Daniel Malmedahl, aliigiza kwa mdomo mlio wa pikipiki mwaka 1997, sauti ikazagaa mtandaoni bila jina. Msweden mwingine, Erik Wernquist, akaichorea chura 2003. Mwenye sauti alipojitokeza wakakaa mezani, kampuni ya milio ikawalipa wote. Na ule wimbo ni "Axel F" wa Harold Faltermeyer, jina lake limewekwa. Ukafika namba moja Uingereza.

Kwa hiyo dogo inawezekana. Tafuta mwenyewe, kaa naye mezani.

Pikipiki Haina Breki
Akakae mezani na Disney. Abebe na karanga zake.

Ustadhi wa Kona
Mlango kuwa wazi hakufanyi kilichomo ndani kuwa chako. Hili hata mtoto wa madrasa analijua. Riziki ya namna hii inaingia kwa mlango wa mbele na kutokea dirishani ikiwa na faida juu yake.

Dogo wa Biti
Ustadhi nakuheshimu, ila naomba mnijibu. LaCarte aliomba ruhusa kwa nani alipoweka ile sauti kwenye ukurasa wake? Akasifiwa, akaandikwa kwenye magazeti. Dunia nzima wamefanya rimiksi za wale hamsta, watu wa vyumbani kama mimi, hakuna aliyeitwa mwizi. Mzungu akikata anaitwa mbunifu, mimi wa uswahilini nikikata naletewa Qur'ani na sheria. Na singeli yenyewe ilikua kwa kukata vipande vya taarabu na kuvikimbiza. Aliyewauliza mashangazi wa taarabu ni nani?

Binti Mchiriku
Hapo kwenye mashangazi umesema kweli na wengi watanyamaza. Babu yangu mdogo alikuwa anapiga muziki wa mchiriku, ule wa kale kakinanda ka Casio wamekafunga waya kwenye spika ya honi, wanakesha nako Temeke yote. Walikuwa wanapiga kwa vidole vyao lakini. Anayekata faili asijifananishe nao.

Halafu unachanganya mambo mawili. Rimiksi ya shabiki ni salamu. Unaifanya kwa kupenda, unawapa wenzio bure, mwenye mali akiisikia mara nyingi anacheka na kupita. Siku unaiweka ikauze simu za watu, hiyo si salamu tena. Hata hao wa Kanada walipotaka kutoa wimbo wa hamsta wa kuuza madukani mwaka 2000, jina la Roger Miller lilikaa kwenye orodha ya watunzi. Hawakusema "tumeikuta intaneti".

Wakili wa Mtaani
Binti amemaliza. Dogo, swali la mwisho na ujibu kama mtu mzima. Umeshasaini?

Siti ya Mbele
Taa yake ya kijani inawaka. Yupo, anasoma.

Mama Wawili
Mwanangu jibu, hapa hakuna wa kukupiga.

Dogo wa Biti
Nimesaini.

Karatasi ni kurasa mbili. Kuna kifungu kinasema sauti zote ni zangu mwenyewe na akitokea mwenye madai nitabeba mimi. Bei tuliyoandika ni milioni moja na nusu, kianzio nimepokea laki sita, nimelipa kodi ya chumba. Nilivyouliza bei nilikuwa nataka kujua kama nimepunjwa, ili awamu ya pili nipandishe. Na msinione mjinga. Wakala alisema nisiposaini siku ile ile anampa mtu wa Mbagala. Ningefanyaje?

Pikipiki Haina Breki
Kumbe swali la bei lilikuwa la kumbukumbu tu 😂😂

Bila Picha ni Chai
Samahanini, naomba niharibu harusi. Nimepitia nyuzi za zamani za huyu ndugu. Mwezi wa tatu ID hii hii ilileta mada: "Mimi ni mwalimu wa Kemia Njombe, mke ameondoka na jenereta, nimfuate mke au jenereta?" Leo ni prodyuza wa singeli mwenye mkataba. Na hamsta wa 1998! Mjini hapa nani anawajua zaidi ya yule mzee wa kafe? Hii ni chai, tena ya tangawizi. Au anatangaza biti yake kijanja ili tumwombe kiungo.

Mfalme wa Milio
Duh. Uzi wa jenereta naukumbuka! Nilimshauri afuate jenereta.

Ustadhi wa Kona
Kama ni uongo basi nimepoteza nasaha zangu bure.

Mama Wawili
Na mimi nimemwombea.

Dogo wa Biti
ID hii tunatumia wawili, mimi na mtoto wa shangazi yangu. Jenereta ni ya kwake, na mke alirudi. Sitangazi chochote, ila kwa kuwa mnaniita mwongo, nimeweka kipande cha sekunde ishirini hapo chini. Sikilizeni wenyewe.

Kafe ya Posta
Nimesikiliza. Ndio wao kabisa, hata kwa hizo ngoma nimewatambua kabla hawajamaliza mstari. Mjukuu wangu ameamka anacheza.

Bila Picha ni Chai
Biti ipo kweli, nimenyoosha mikono. Ya jenereta bado sijaridhika. Alirudi nayo?

Binti Mchiriku
Hizo ngoma ni nzuri mno kubebeshwa wimbo wa kuazima. Zile kengele zinazoingia katikati ni zako?

Dogo wa Biti
Ni zangu, nimepiga kwa kijiko na sufuria.

Wakili wa Mtaani
Basi una pa kutokea. Kukimbiza sauti hadi iwe kama ya panya hakuna mwenyewe, Wamarekani wanafanya hivyo kwenye rekodi angalau tangu 1958. Kinachomilikiwa ni ule wimbo na ile rekodi. Vitoe vyote viwili. Chukua mtoto wa jirani mwenye sauti, atunge wimbo mwingine usiofanana na ule, mrekodi taratibu kisha mkimbize. Ngoma zako na kengele za sufuria zinabaki. Usidanganyike kwamba ukimwimbisha mtu wimbo ule ule umepona. Hapo unatoka kwenye rekodi tu, utunzi unabaki shingoni.

Leo hii mwandikie wakala, kwa maandishi, siyo kwa kupiga simu, kwamba unabadilisha sauti ya juu na utampa faili jipya. Usimweleze historia yote ya Robin Hood, mwambie tu toleo la kwanza lisitumike. Ukishapata jipya, lipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaliandikishe kwa jina lako, siyo la mtoto wa shangazi. Na kile kifungu cha kubeba madai uombe kibadilishwe mkisaini upya. Yote haya ni rahisi maadamu tangazo halijaruka.

Dogo wa Biti
Asante sana mkuu, nimekuelewa, mtoto wa jirani yupo. Hapo mwisho tu ndipo pana kaugumu. Redioni bado, ila gari la mitaani lilianza Jumatatu.

Wakili wa Mtaani
Jumatatu ipi?